Mwana Rehani na Bonde la Bilauri

Alikuwako katika mji wa Shamsani sultani aliyeitwa Ghalibu bin Nasri, na binti yake wa pekee, Mwana Rehani, alirithi kwa marehemu mama yake pete yenye jini mtumwa, jina lake Barkashi. Siku moja akamwamuru ampeleke mahali ambapo watu wa Shamsani hawajapata kufika, na jini akamchukua juu ya bahari na majangwa, akamtua katika bonde lililozungukwa na milima myeupe kwa theluji.

Mwana Rehani akastaajabu. Nyumba zilikuwa za magogo yaliyowiva kwa jua yakawa meusi, mapaa yake ya mawe bapa, na maghala yamesimama juu ya miguu kama korongo, panya wasiyafikie. Mjane mmoja, Marita, akamkaribisha kwa maziwa na jibini, na mwanawe Yosefu, mchimba vito, akamwongoza hadi kwenye pango alimochimba. Humo taa ilipoinuliwa, kuta zote zikawaka: mawe ya bilauri, maangavu kama kioo, meupe, ya rangi ya asali, ya rangi ya moshi.

Alipogeuka, akamwona jini analia.

"Una nini, Barkashi?"

"Bibi yangu, hapa ndipo nilipozaliwa. Jiwe la pete yako lilivunjwa katika ukuta huu, nami nikatekwa nalo. Ndugu zangu wamo mwambani, wananiita, wala sina ruhusa ya kuwajibu."

"Na jiwe likirudi?"

"Nitakuwa huru. Lakini sitaweza kukubeba tena, na kwenu ni mbali mno."

Mwana Rehani akamkumbuka baba yake, mzee asiye na mwingine. Kisha akaling'oa jiwe petini, akalirudisha ukutani. Mlima ukavuma kwa sauti za furaha, na Barkashi akatoweka.

Majira yote ya baridi alikaa kwa Marita, akikamua mbuzi na kujifunza lugha yao, na mara nyingi alilia. Theluji ilipoyeyuka, wakakuta mlangoni kapu la vito ambalo hakuna mwanadamu aliyelileta, na Yosefu akamsindikiza safari ndefu hadi Shamsani.

Sultani, aliyekwisha kumlilia kama maiti, akamkumbatia, na aliposikia habari zote akamwoza kwa Yosefu. Kisha akauliza, "Na jini wa mama yako?"

"Nimemrudisha kwao, Baba."

Sultani akageuka, akawatazama watumwa waliosimama nyuma ya kiti chake. Akamwambia waziri, "Waulize hawa kwao ni wapi, uwatayarishie safari."

Na aliyesikia habari hii na azingatie: hakuna hazina iliyo halali ikiwa ndani yake mtu analilia kwao.