Ukoo wa Mwenyewe

Nina ngano!
— Itoe!
Ina mkia?
— Uvute!
Na hayo masikio ni ya nani?
— Ya wenyewe!

Basi yafungueni, maana sirudii.

Hapo kale ukame uliingia, mito ikakauka, likabaki bwawa moja. Kiboko akalikalia. Tubwi! Akazamisha tumbo, akatoa pua, akatangaza: "Maji ya bwawa hili hanywi mtu ila mwenyewe." Moyo wa huruma huo! Maji ya nchi nzima, yeye anayalowekea makalio.

Mlangoni akamweka Nyumbu. Alimchagua kwa akili zake, maana hakuwa nazo. Nyumbu ukimpa neno hulishika kama lilivyo, haongezi, hapunguzi.

Akaja Swala. "Wewe mwenyewe?"
"Hapana, mimi Swala."
"Ila mwenyewe. Rudi."

Akaja Ngiri. "Wewe mwenyewe?"
"Mimi Ngiri."
"Ila mwenyewe. Rudi."

Akaja Pimbi wa majabalini, mfupi, hata mkia hana, watoto sita nyuma yake, ndimi zimewakauka.
"Wewe mwenyewe?"
Pimbi akamtazama Nyumbu, akayatazama maji. "Leo bado," akasema. "Kesho njoo kwangu, nampa mtoto jina."

Kesho yake Pimbi akapika maboga matano aliyoyaficha pangoni, ndiyo ya mwisho. Akamkaribisha Nyumbu, na mgeni wa heshima Kiboko. Kiboko akisikia chakula haulizi cha nini. Akaja tindi, tindi, tindi. Boga la kwanza, nyafu! La pili, nyafu! Watoto wanatazama tu.

"Mzee wetu," Pimbi akasema, "nataka kitinda mimba wangu nimpe jina la ukoo, na sisi sote tulichukue. Utubariki."
"Jina gani?" Boga la tatu limo shavuni.
"Mwenyewe."
"Jina la hovyo kwa watu wa hovyo. Nimebariki. Sogeza hilo jingine."
"Nyumbu, umesikia?"
"Nimesikia. Amebariki."

Kiboko aliposhiba alilala palepale, khorrr! Nyumbu akarudi zamu yake, Pimbi na wanawe nyuma yake.
"Wewe mwenyewe?"
"Mimi Pimbi Mwenyewe."
"Na hawa?"
"Mwenyewe, Mwenyewe, Mwenyewe, Mwenyewe, Mwenyewe, na huyu mdogo uliyemlia boga lake, Mwenyewe."
"Karibuni."
Gubu-gubu-gubu!

Swala kusikia, kumbe bibi yake mzaa mama alikuwa Mwenyewe! Ngiri naye akamkumbuka babu yake, ghafla tu. Tembo, na ukubwa wote ule, akaapa kwamba yeye na Pimbi ni damu moja, eti tazameni meno. Kufika alasiri nchi nzima ilikuwa ukoo mmoja, na wote wamelowa.

Kiboko akaamka, jua limemchoma, ngozi inapasuka ta! ta! Akaja mbio, tindi, tindi, tindi.
"Wewe nani?" Nyumbu akauliza.
"Hunijui, mpumbavu wewe? Mimi Kiboko!"
"Ila mwenyewe. Rudi."
"Lakini mimi ndiye mwenyewe!"

Pimbi akaitika kutoka majini, "Mwenyewe wa tumbo gani? Hatukumbuki kukuzaa. Ila ukoo wetu hauna uchoyo. Ingia kama mjukuu. Haya, niamkie."

Ta! ikalia ngozi ya mgongoni. Kiboko akakiinamisha kichwa kile chote.
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Ingia, na usituchafulie maji."

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda amezama, kabakiza masikio. Anawakwepa wakubwa zake, asiwaamkie. Na jina nalo limejaa kila mahali. Nenda nyumba yoyote, piga hodi, uliza, "Mwenyewe yupo?" Asipoitika mtu, njoo unikate ulimi.

Ngano yangu nimeivuta mkia, umekatika. Kwa kuwa nyie mliosoma hamlali bila funzo, haya, chukueni: jina la ukoo ni damu na heshima, halichukuliwi hivi hivi kwa ajili ya tumbo.

Nimesema mimi bibi yenu, Sikudhani Mwenyewe.