Mke Aliyeitika kwa Jina la Marehemu

Wapendwa, palikuwa na mwanamke, tumwite Bupe, aliyeolewa na mgane mmoja, fundi mitambo wa kiwanda cha chai. Mume alikuwa mtu mwema. Alipaka nyumba rangi, akanunua kitanda kipya, akagawa nguo zote za marehemu mkewe, Sekela. Kitu kimoja tu hakukigusa: karatasi. Kwenye bima ya afya na kwenye pensheni yake, mke alikuwa bado Sekela.

Bupe akimkumbusha, alicheka. "Mke wangu, fomu hazina miguu. Zitakimbilia wapi?"

Mwezi wa tatu Bupe akashikwa na homa kali. Mume akampa kadi ya Sekela. "Tumia hii, leo tu." Picha ya kwenye kadi ilikuwa imefifia hata sura ikabaki kivuli.

Hospitalini, saa nne asubuhi, benchi limejaa watu, karani akaita, "Sekela!" Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Bupe akahisi ubaridi ukimpanda mgongoni, kana kwamba mtu nyuma yake amevuta pumzi ili aitike. Akamuwahi.

"Nipo."

Mnadhani ilikuwa leo tu? Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Ikafika mahali akiitwa Bupe sokoni hageuki upesi, lakini likitajwa lile jina lingine, moyo unamruka. Siku moja alikuwa anafua, akajikuta anaimba wimbo ambao hakumbuki kujifunza. Jirani akasimama kwenye uzio, ameshika mdomo.

"Huo aliupenda mwenzio. Nani kakufundisha?"

Jioni ile alimwambia mumewe, "Baba, kazibadilishe zile fomu. Naona kama naisha."

"Mwisho wa mwezi," akajibu.

Mwisho wa mwezi haukumkuta. Alianguka kazini, akafa njiani wakimpeleka hospitali.

Matanga yalipokwisha, Bupe akaenda ofisi ya mafao, cheti cha ndoa mkononi. Karani akafungua faili, akakunja uso.

"Hapa mke ni Sekela."

"Huyo alikufa, kaka. Yuko kaburini mwaka wa tano huu."

"Mama, kumbukumbu za bima zinaonyesha alitibiwa mwezi uliopita. Saini yake hii hapa. Maiti anatia saini?"

Bupe akaitazama. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Akisema ni yeye, amekiri udanganyifu. Akinyamaza, Sekela ni mzima na yeye hayupo. Alisimama pale dirishani mpaka aliye nyuma yake akamwomba apishe.

Na sisi je? Kwenye harusi tunakodi tarumbeta, tunashona sare za kamati nzima. Lakini bima yako, bwana harusi, ina jina la nani? Mafao yako, bibi harusi, umemwandika nani? Msimlaumu Sekela; marehemu alikuwa amelala zake. Aliyemfukua ni mtu mzima, mwenye afya, aliyempenda mkewe na kumwambia "leo tu". Tumeahidi mbele ya Mungu kutunzana. Basi kupanga foleni kwa ajili ya mwenzako nako ni kutunza.

Ninyi mliofunga ndoa mwaka huu, nawaona, msiiname. Kesho Jumatatu ofisi zinafunguliwa saa mbili. Nendeni wote wawili.