Zimwi Lililolinda Maiti

Sogeeni, wanangu, ngano ya leo ni fupi.

Sultani alimuua Mselemu kwa uasi, akakataza asizikwe, akaweka zimwi limle atakayemfukia. Lakini dada yake Mselemu, Mwanajaa, alikuja na jembe mchana kweupe, akachimba, akamlaza.

Akatupa konzi ya kwanza ya mchanga. Zimwi likanguruma, "Wee binti, amri huijui?"

"Naijua, babu. Na kaka yangu namjua."

Akatupa ya pili. "Nitakumeza mzimamzima."

"Utanimeza, babu. Ningoje nimalize, mazishi ni konzi tatu."

Akatupa ya tatu. Zimwi likaketi, likalia. "Nilikuwa mtu. Nami nilikatazwa kuzikwa, ndugu zangu wakaogopa. Ndipo nikawa hivi."

Mwanajaa akachimba tena. Zimwi likajilaza humo. Kwa kila konzi aliyotupa, manyoya yalipukutika, kisha makucha, kisha meno, akabaki mzee mwembamba.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akafumba macho.

Sultani akaja, akaona makaburi mawili, akaamuru Mwanajaa akamatwe. Askari wakampita Mwanajaa bila kumgusa, wakaenda kuchota maji ya kuyanyunyizia makaburi.

Ngano naitua hapo. Ahsanteni kwa kunisikiliza.