Kubazi Lililopigwa Muhuri

Hapo zamani, katika mji wa Shungani, alikuwako Sultani aitwaye Zubeiri, mtu mrefu wa kimo na mfupi wa subira. Siku moja alikuwa akipita mtaa wa wauza papa, mkia wa papa mkavu aliyetundikwa mlangoni pa mchuuzi ukamnasa kilemba, kilemba kikamvuka, kikaanguka matopeni, na upara wake ukaonekana na mtaa mzima. Watoto wakacheka. Watu wazima nao walitaka kucheka, wakajikohoza. Basi Sultani aliporudi jumbani hakujifunza kuinamisha kichwa, alitunga sheria. Wakubwa wengi wako hivyo, na mpaka leo sijaona dawa yao.

Sheria ikasema kuwa kitu chochote kitundikwacho nje, njiani, kumjulisha mpita njia kilichomo ndani, hicho ni kibao, na kibao kisitundikwe ila kwa kibali. Kazi hiyo akapewa Waziri Ghalibu, ambaye kwa miaka kumi hakuwa na kazi ila kuitikia kwa kichwa. Ghalibu akapata ofisi, akapata makarani sita na mkaguzi mmoja, akapata na muhuri mkubwa kama kitumbua, na tangu siku hiyo akaanza kutembea kama mtu aliyeuumba mji yeye.

Sasa watu wa Shungani hawakuwa na desturi ya kuandika milangoni. Kila mtu alitundika kitu cha kazi yake: kinyozi kioo, mkunga kanga mpya, mfua vyuma nyundo mbovu. Ikawa vitu vyote vimeteremshwa, na mji ukawa kuta tupu. Bwana mmoja mwenye jino bovu akaingia kwa mkunga akidhani ni kwa kinyozi mng'oa meno, akalazwa kitandani na kufunikwa shuka kabla hajapata kusema limuumalo. Ghalibu alipoelezwa habari hiyo akasema mji umeanza kupendeza.

Katika mji huo alikaa mshona viatu jina lake Shaame, maskini wa mwisho, mwenye kanzu moja. Siku ya kuifua hushinda ndani. Chumba chake kilikuwa kimoja, mlango mmoja, katika uchochoro wa tatu nyuma ya kisima, na humo ndimo alimoshona viatu mchana na kulala usiku na mkewe Bi Mize. Pahali pale hapafikiki kwa kubahatisha. Kilichowaleta wateja ni kubazi moja bovu la mguu wa kushoto, lililoning'inia juu ya mlango miaka na miaka. Askari wakaja, wakaling'oa, wakamtupia miguuni.

"Mpaka Ijumaa adhuhuri uwe na kibali," wakamwambia. "Fundi asiye na kibali hafungui mlango. Ijumaa mlango utatiwa lakiri, usifunguliwe tena."

Shaame akaenda kwa Waziri Ghalibu, akamkuta anakula tende.

"Unataka nini?"

"Kibali cha kubazi, Bwana Waziri."

"Mkaguzi amelikagua?"

"Bado, Bwana."

"Hatuandiki kibali cha kitu kisichokaguliwa. Na kibao hukaguliwa kikiwa kimetundikwa mlangoni pake, tuone kimekaaje."

"Basi nikalitundike, mkaguzi aje."

"Ukilitundika bila kibali, tunautia mlango lakiri hapo hapo."

"Basi nisilitundike."

"Usipolitundika, tutakagua nini?"

Shaame akamtazama usoni aone kama anamfanyia mzaha. Hakuona mzaha, aliona mtu aliyeshiba.

"Sasa nifanyeje, Bwana wangu?"

"Fuata utaratibu," akanena Ghalibu, akatema kokwa.

Shaame akatoka pale damu ikimchemka, akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani. Akaruhusiwa kusema, akasema yote. Wazee wa baraza wakatazamana. Sultani akaguna.

"Nimepata kusikia habari zako, ewe mshona viatu. Wanasema una ulimi."

"Ulimi ninao, Bwana wangu. Kibali ndicho sina."

Wazee wawili watatu wakainama kuficha meno. Sultani hakupenda.

"Basi nisikilize. Sheria yangu haipindi. Kubazi lako litakaguliwa likiwa mlangoni pako, wala halitatundikwa njiani hata kwa kitambo cha kupepesa jicho. Ukiliweza hilo, kibali nitakipiga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe. Usipoliweza, Ijumaa mlango wako utatiwa lakiri, na wewe na mkeo mlale mtakapolala."

"Nimesikia, Bwana wangu, na kutii," akasema Shaame, akashika njia ya nyumbani.

Bi Mize alikuwa amekaa kizingitini, anachambua choroko chache zilizobaki.

"Wamesemaje?"

"Litundikwe na lisitundikwe."

"Na mlango?"

"Ijumaa."

Bi Mize akausukuma ungo kando. "Mume wangu, mimi sina pa kwenda. Mama yangu amekufa, na kaka yangu unamjua. Wakiutaka sana mlango huu si wauchukue! Waupeleke huko huko jumbani, wautie lakiri mbele ya macho yao, watuache na tundu letu!" Akalia kwa hasira.

Shaame alitaka kumbembeleza, lakini mkono ukamkwama hewani. Akageuka akautazama mlango, akatazama na miimo yake. Kisha akachukua tindo.

"Unafanya nini?"

"Nakutii wewe, Mize. Nimechoka kuwatii wale."

"Na mwizi je?"

"Akiingia humu ataona haya, atuachie chochote."

Basi Jumatano asubuhi mlango ulikuwa umeng'oka mzima, ubao na miimo na kizingiti chake, umelala juu ya mkokoteni wa hamali mmoja aliyekuwa akidaiwa wema na Shaame kwa kushonewa mkanda. Wakausukuma mpaka jumbani. Askari wa lango wakauliza, "Nini hicho?" Shaame akajibu, "Mlango. Umeitwa barazani." Wakafikiri sana, wasikumbuke amri yoyote inayokataza milango, wakawapisha.

Wakaupandisha ngazi, wakausimamisha katika mwingilio wa baraza, wakaubana kwa kabari pande zote mbili, hata ikawa hakuna awezaye kuingia wala kutoka ila kwa mlango wa mshona viatu. Shaame akapigilia msumari, akalitundika kubazi, akasujudu.

"Bwana wangu, mlango wangu ni huu, na kubazi liko mlangoni pake. Wala si njiani. Hapa ni barazani kwako, labda Waziri atuambie kuwa baraza ya Sultani ni njia ya kupitisha punda."

Wazee wakamgeukia Ghalibu. Kisha Sultani akacheka mpaka akaegemea mto. "Amenipata," akasema. "Kagueni!"

Mkaguzi akalipima kubazi urefu, akalipima upana, akalinusa, akajuta. Karani akashika kalamu akauliza, "Kibao hiki kinamwambia nini mpita njia?"

"Kinamwambia hivi," akasema Shaame. "Kwetu sisi mafundi wa viatu hakuna maneno mengi. Mtu akija anavua kiatu, anakiacha chini ya kubazi, anakwenda zake. Kiatu kilichoachwa chini ya kubazi ni kiatu kilicholetwa kushonwa. Kila mtu mjini anajua, isipokuwa wanaokwenda kwa farasi."

Karani akayaandika vivyo hivyo: kiatu kiachwacho chini ya kubazi hili kimeletwa kushonwa. Sultani akapiga muhuri. Shaame akainuka, akamwita hamali, wakaushika mlango waende zao.

Hapo ndipo Waziri Ghalibu alipojiharibia. Alikuwa ameona aibu mbele ya wazee, na roho yake ilikuwa ndogo. Akapiga kelele: "Simama! Kifungu cha tisa! Kibao kikishapigwa muhuri hakisogezwi hata shubiri kutoka pale kilipokaguliwa, ila kwa kibali kingine. Na kibali cha kuhamisha ni siku arobaini. Nenda kwako ukakae bila mlango!"

Shaame akauachia mlango taratibu. Akamtazama Sultani.

"Bwana wangu, ndivyo ilivyo sheria?"

Sultani alikuwa amekwisha kupiga muhuri, na mbele ya wazee hakutaka kuonekana anayaruka maneno ya sheria yake. "Ndivyo," akasema.

"Nimesikia na kutii. Fundi hukaa palipo na kibao chake." Akakunja kanzu, akaketi nyuma ya mlango wake ndani ya baraza, akatandika ngozi, akatoa sindano na uzi, akaanza kazi.

"Mwacheni," akasema Sultani. "Njaa itamtoa."

Njaa haikumtoa. Bi Mize alimletea chakula, na habari ikaenea mji mzima kuwa kubazi la Shaame liko jumbani, tena lina muhuri. Alhamisi haikuwa siku ya baraza, lakini ngazi za Sultani zilijaa watu: wachukuzi wa maji, wapagazi, wavuna chumvi, kila mmoja na kiatu chake kibovu mkononi, na askari walipotaka kuwazuia walionyeshwa kibali. Ngozi iliyorowekwa ikaanza kunuka. Mazulia yakapata madoa ya nta. Ghalibu alipopita na leso puani, Shaame alimwamkia kwa adabu zote.

Ijumaa asubuhi wazee wakaja barazani, ili baada ya mashauri wamsindikize Sultani msikitini kwa fahari kama ilivyo kawaida. Walipofika mwingilioni wakasita. Mlango ni mlango, na mtu muungwana hapiti mlango wa mtu bila kubisha.

"Hodi," akasema mzee wa kwanza kwa sauti ya mashaka.

"Karibu!" akaitikia Shaame kutoka ndani, kama mwenye nyumba. "Karibuni wote, jisikieni kwenu."

Wakaingia mmoja mmoja, na kwa kuwa barazani haingiwi na viatu, kila mmoja akavua vyake pale pale mlangoni. Ghalibu akasema hodi meno yameumana, akaambiwa asubiri kidogo, fundi ana mteja. Mwisho akaja Sultani mwenyewe, aliyekuwa ametoka kukagua askari uwanjani. Akasimama mlangoni, akawatazama wazee, wazee wakatazama dari.

"Hodi," akasema Sultani Zubeiri katika nyumba ya babu yake.

"Karibu, Bwana wangu, usione haya."

Sultani akaingia, akaacha makubazi yake ya nyuzi za dhahabu pamoja na ya wenzake. Wakaanza mashauri, na mashauri ya siku hiyo yalikuwa juu ya kama kivuli cha kibao nacho kinahitaji kibali. Walibishana hata jua likapanda. Shaame hakuwasikiliza, alikuwa na kazi nyingi.

Siwa, baragumu la Sultani, ikalia kumwita msikitini. Nje watu walikuwa wamejipanga njia nzima kumwona Sultani akipita. Wazee wakainuka, wakanyosha kanzu zao, wakaenda mlangoni. Wasikute viatu. Walikuta soli zimepangwa safu upande mmoja, kanda na ngozi za juu zimepangwa safu upande wa pili, jozi ishirini na tatu, zote zimefumuliwa uzi kwa uzi, na nyuzi za dhahabu zimekunjwa vizuri juu ya kitambaa.

"Ewe mal'uni!" Sultani akanguruma. "Umefanya nini?"

"Kazi, Bwana wangu. Kiatu kiachwacho chini ya kubazi hili kimeletwa kushonwa. Si maneno yangu, soma. Muhuri ni wako."

"Vishone sasa hivi!"

"Nitavishona, Bwana. Lakini vya mchukuzi wa maji vilitangulia, na vya wavuna chumvi. Wewe ni wa thelathini na mbili."

Hakuna mzee aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake. Siwa ikalia mara ya pili. Jua la adhuhuri lilikuwa limeuchoma mchanga wa njiani, na mji mzima ulikuwa ukingoja. Sultani akawaona wale watu kupitia dirishani, ndio wale wale waliojikohoza siku ya papa, akajua kuwa leo hawatajikohoza.

Akakinyakua kitabu cha sheria ya vibao mkononi mwa karani, akakirarua vipande viwili, vikawa vinne. "Kila mtu atundike atakacho!" akasema. "Na mimi nitainama. Sasa ondoa mlango wako, Shaame, na chochote utakacho utapewa."

"Sitaki kitu, Bwana wangu, nautaka mlango wangu ukae pahali pake kabla ya magharibi. Mimi siwezi kuubeba, nina viatu vya watu."

Sultani akageuka. "Ghalibu!"

Basi Waziri Ghalibu akaubeba mlango mgongoni, peku, juu ya mchanga wa moto, akirukaruka, na kubazi likimpigapiga kisogo. Sultani alimfuata nyuma akienda msikitini, naye peku, na wazee peku. Na watu wa Shungani walicheka siku hiyo bila kukohoa. Hata Sultani, alipomwona Waziri wake akihama mguu huu na mguu ule, ilimbidi acheke, ingawa nyayo zilimuungua.

Karibu na kisima Ghalibu akasimama apumue, akauegemeza mlango ukutani. Ajuza mmoja aliyekuwa akipita akaliona kubazi, akavua kiatu chake, akakiweka chini yake, miguuni pa Waziri.

"Nakitaka Jumatatu, fundi," akamwambia. "Na safari hii ukishone vizuri, mara ya kwanza ulinishonea ovyo."

Ghalibu akautazama mkanda wa kiatu uliokatika, akawatazama watu waliokuwa wamesimama pande zote wakimngoja aseme neno.

"Jumatatu, mama," akasema, akainama kukiokota.