Udongo Safi wa Kumtayamamisha

Waumini, nisikilizeni. Palikuwa na bwana mmoja mwenye shamba la migomba kando ya kijito. Wakamjia wachimbaji wa dhahabu wasio na kibali. "Mzee, tupe bonde tu, na wewe utapata fungu lako." Mkewe akamsihi, "Baba Zuhura, maji haya ndiyo yaliyowakuza watoto wetu. Usiyauze." Akamjibu, "Maji hayaishi, mke wangu. Ukiyachota yanarudi."

Wakachimba miaka mitatu. Dhahabu waliiosha kwa zebaki palepale kijitoni, makapi wakayamwaga shambani mpaka uani. Migomba ikanyauka, mbuzi wakatupa mimba, visima vikakauka kwa pampu zao. Dhahabu ilipokwisha wakaondoka, hata kwaheri hawakusema. Mke akawa anafuata maji kwenye chemchemi, mwendo wa saa mbili, na hakumlaumu mumewe hata siku moja. 

Kiangazi kimoja chemchemi nayo ikakauka. Wiki hiyohiyo mke akafariki.

Mama aliyekuja kumwosha alitoka chumbani na ndoo tupu. Majirani wakachanga maji waliyokuwa nayo, hayakujaa hata birika. Imamu akasema, "Maji yakikosekana, mtayamamisheni, mpakeni uso na mikono kwa udongo safi." Yule mama akainama uani, akaugusa udongo, akaurudisha mkono wake.

"Huu umemwagiwa zebaki," akasema. "Siwezi kumpaka nao usoni. Ulio safi uko wapi?"

Enyi mliokaa hapa, mngemjibu nini?

Mume akachukua sahani, akalizunguka shamba lake lote. Huku shimo, huku makapi. Mahali alipopanda na mkewe mgomba wao wa kwanza, shimo. Miguu ikamfikisha makaburini, vijana wakiwa wamekwisha kuchimba kaburi hadi kifuani. Akawapa sahani, akawaonyesha chini shimoni. Wakaijaza udongo wa chini kabisa, mkavu, usio na harufu. Basi mkewe akapakwa uso na mikono kwa udongo wa kaburi lake mwenyewe.

Ndugu zangu, tusimcheke bwana yule wala tusimhukumu. Sisi tuliofungua mabonde yetu, sisi tunaonunua dhahabu ile bila kuuliza imetoka wapi, sisi tulioona tukanyamaza, ni yeye. Mwenyezi Mungu alitukabidhi ardhi nzima ikiwa twahara. Je, tunangoja ibaki safi kaburini tu?