Jina Juu ya Mlango wa Malkia

Hapo zamani, zamani ya mwaka juzi hivi, palikuwa na hoteli huko Mtondoni iliyojengwa mpya ili ionekane gofu la kale. Mwenyewe, Bwana Shebwana, alitaka wageni walale katika kasri la malkia. Malkia hakuwapo. Basi akatungwa.

Aliyemtunga ni Mwanakheri, binti mwenye ulimi: Malkia Mwana Zaria, aliyekataa posa za masultani akafa na funguo zake kiunoni. Kasri akalijenga Fundi Hija, akapiga lipu ya chokaa, kisha akaipasua kwa nyundo, taratibu, kama mtu amchanjaye mwanawe. Uani wakaweka kaburi tupu. Bi Riziki, mfagizi, alilipita siku moja akashindwa kuvumilia. Kaburi lisilo na ubani! Kila Ijumaa akafukiza, akanyunyiza marashi, hata wanakijiji wakaanza kuja kuweka nadhiri.

Mara serikali ikaleta barabara, na barabara ikapangwa kupita jikoni. Kasri livunjwe! Kwanza akaja Afisa wa Mambo ya Kale, maana hata kuvunja kuna utaratibu wake. Akasikiliza hadithi, akapapasa nyufa, akawakuta akina mama kaburini wakiomba. Akakohoa kiserikali.

"Jengo la kale. Barabara na ipinde."

Ikapinda. Shebwana, kwa furaha, akatangaza: "Juu ya mlango nitachonga jina la aliyeliokoa kasri. Moja tu, ubao ni mfupi."

"Langu hilo," akasema Mwanakheri. "Bila malkia, hii ni nyumba mbovu yenye nyufa."

"Ee binti, maneno yamezuia tingatinga lini?" Fundi Hija akacheka. "Kuta zote nimezifundisha kusimama. Hizi nimezifundisha kuzeeka!"

"Wanangu," akasema Bi Riziki, "ninyi mliwadanganya wageni. Mimi nimewaaminisha wenyeji. Nani athubutu kuvunja kaburi linalofuka ubani?"

Afisa, aliyealikwa kahawa, akatua kikombe. Akakunjua leso: katikati, alama nyeupe ya kidole.

"Chokaa ya ukuta wenu. Mbichi. Sijapata kukosea umri wa jengo, na siku ile pia sikukosea. Nilipangusa kidole nikanyamaza, kazi yangu ikining'inia kwenye uzi."

Seremala wa kuchonga ubao keshanoa patasi, anatutazama sisi.

Haya, mliokaa kitako: achonge jina la nani?