Pazia la Daraja la Kwanza

"Ukizifungia kelele mlango, umezifungia na habari." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema maneno hayo, mkaangua kicheko, na sasa mnaniuliza yalitoka wapi. Haya, chekeni mmalize. Asili yake haichekeshi hata kidogo, na ilianzia ndani ya treni.

Alikuwepo mtu wa kwetu Kasulu akiitwa Leonidasi Buhanza, nyumbani wakimkatizia jina, Leo. Alisoma, akapata cheo Dar es Salaam, kitambi nacho kikaanza kuchungulia. Siku moja ofisini kwake ikaingia simu kutoka Kigoma: mama yako hali yake si nzuri, njoo upesi. Zama hizo simu za mkononi hazikuwepo hata ndotoni. Leonidasi akakata tiketi ya daraja la kwanza, akaenda stesheni moyo umemsinyaa. Alimpenda mama yake, hilo asije mtu akamzulia. Aliomba jambo moja tu: amkute hai, amshike mkono.

Pale stesheni akamwona Dismasi, fundi baiskeli, jirani wa mama yake, kichwa kimetokeza kwenye dirisha la daraja la tatu.

"Leo! Kumbe tuko pamoja mpaka nyumbani! Nitakuja huko tupige soga."

Leonidasi akachekea pembeni. Alimjua Dismasi, mdomo wake hauna breki. Atauliza mshahara, atamwombea mwanawe kazi, atamchosha kabla hawajafika Dodoma. Basi akamwambia mhudumu wa behewa, "Mtu yeyote wa daraja la tatu akiniulizia, mwambie nimelala."

"Hapiti mtu, bwana mkubwa."

Chumba kilikuwa chake peke yake, chenye shuka safi na beseni la kunawia. Usingizi lakini haununuliwi. Alijigeuza usiku kucha akimfikiria mama, na chakula alicholetewa kikarudi vilevile.

Sasa nyinyi wa mabasi hamjui. Reli ile ni moja, kwa hiyo treni mbili zikitaka kupishana, moja hungoja stesheni mpaka nyingine iingie. Na hapo watu wa daraja la tatu hawakai kitako, thubutu! Wanaruka chini, wanajazana madirishani, wanaulizana: mvua imefika? Nani kaolewa? Nani katutoka? Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya safari, na habari za kwetu zilipita hapo zaidi kuliko redioni.

Asubuhi ya pili, kwenye stesheni moja ndogo kabla ya Tabora, treni ya Leonidasi ikakutana na ile itokayo Kigoma. Makelele yakapanda, "Mwakeye! Mwakeye!", ile salamu yetu ya asubuhi. Leonidasi akafunga dirisha. "Hawa watu hawachoki?" akanung'unika.

Mara akasikia vishindo koridoni, kisha sauti ya mhudumu. "Tiketi yako ya daraja gani?"

"La tatu, lakini nina neno na..."

"Bwana amelala. Shuka!"

Punde Dismasi akatokea nje ya dirisha, anahema, anagonga kioo kwa kiganja. Mdomo unakwenda, mkono unaonyesha treni ya pili. Injini ilikuwa ikinguruma, Leonidasi hakusikia hata neno moja. Wala hakujaribu. Alichokiona ni mtu anayemtaka ashuke akaamkiane na wanakijiji, na yeye ana mama mgonjwa. Hasira zikampanda, akavuta pazia.

Dismasi aligonga, akagonga, mwisho akaacha. Honi ikalia. Treni ya pili ikaanza kuondoka polepole, vivuli vya mabehewa yake vikapita juu ya pazia, kimoja baada ya kingine.

Tabora Leonidasi akashuka kujinyoosha. Dismasi alikuwa amekaa kwenye benchi, kainamisha kichwa, na safari hii hakuinuka kumlaki.

"Mzee Dismasi, uniwie radhi kwa kule. Nilikuwa nimechoka."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Treni itatuacha."

"Kaa. Huko uendako mama yako hayupo."

Leonidasi akakaa.

"Alikuwa kwenye ile treni," Dismasi akasema. "Dada yako Adela anampeleka Dar. Daktari amesema asicheleweshwe, na simu ya pili waliyokupigia ilikuta umeshaondoka. Adela aliniona, akalia, 'Mwite Leo, mama anamtaja tangu jana!' Nikakimbia. Mungu ananiona, nilikimbia."

"Sasa kwa nini hukuvunja kioo?"

"Kioo cha daraja la kwanza? Mimi?"

Leonidasi akaenda kushusha mzigo wake. Treni ya kurudi ilikuwa mpaka keshokutwa, naye akaingoja palepale Tabora bila kula. Alipofika Dar alimkuta Adela amevaa nyeusi. Mama alikata roho kabla treni haijaingia Morogoro. Mkono aliushika, ndiyo, lakini katika chumba cha maiti, na ulikuwa wa baridi.

"Alisema nini?" akamuuliza dada yake.

Adela alitaka kumficha, akashindwa. "Treni ilipoanza kutembea nilimwinua, nikamwegemeza dirishani akutafute. Tulipita madirisha yenu yote, kila moja lina watu. Moja tu lilikuwa na pazia, karibu yetu hata ningenyoosha mkono ningeligusa. Nikataka kupiga ukelele, akanizuia. Akasema, 'Ndimo alimo mwanangu. Mwache alale, kachoka na safari.'"

Uuwi! Siku ile Leonidasi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Matangani watu wakawa wanamuuliza, imekuwaje mama na mwana wakapishana njiani, watu wa reli moja? Hakumsingizia mhudumu, wala hakumsingizia Dismasi. Aliinuka mbele ya wote, mtu mzima yule, akasema, "Nilizifungia kelele mlango, kumbe nimezifungia na habari."

Waliomsikia wakayachukua maneno yake wakarudi nayo Kasulu, na mpaka leo hatujayaacha: ukizifungia kelele mlango, umezifungia na habari.